Kwa Nini Sikumwuliza Binti Yangu?

Mimi si mpenzi mkubwa wa televisheni. Kazi yangu ni ushonaji, na mtu anayeshona sare za shule hana muda wa kukaa akitazama watu wakigombana kwenye kioo. Tamthilia za Kikorea nilizisikia kwa majirani tangu enzi za Jumong, ile hadithi ndefu ya mfalme wa kale yenye sehemu 81, ambayo watoto wa mtaani kwetu waliiga kwa pinde za miti. Nilijua kwamba ukishaanza moja hulali. Kwa hiyo nilikaa nazo mbali.

Lakini likizo ya Juni 2025 nilitazama moja tangu mwanzo hadi mwisho, sehemu zote 10, kwa muda wa siku sita. Nimeona niwaandikie akina mama wenzangu habari hii, si kwa sababu tamthilia yenyewe ni nzuri tu, bali kwa sababu ilinikuta nikiwa na jambo moyoni ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Nilikuwa nimeishi na binti yangu kwa miezi minne nikimhesabu kuwa mwizi, wala sikuwahi kumwuliza.

BAHASHA ILIYOPOTEA

Mwezi wa pili mwaka 2025 wanachama watatu wa kikoba chetu waliniletea hisa na marejesho yao mapema, kwa kuwa walikuwa wanasafiri kwenda msibani. Kikoba chetu kina sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti, ili mtu mmoja asiweze kulifungua peke yake. Mimi ni mmoja wa hao watatu. Siku ile haikuwa siku ya mkutano, basi nikazitia zile fedha, shilingi 150,000, ndani ya bahasha, nikaiweka kwenye droo ya cherehani yangu. Nilikusudia kuzipeleka Jumamosi.

Ijumaa jioni nilifungua droo. Nilikuta mkasi, chaki, utepe wa kupimia na vifungo. Bahasha haikuwepo.

Siku ile wateja walikuwa wameingia na kutoka. Mwanangu mdogo wa miaka minane alikuwa akicheza na wenzake mpaka ndani. Mume wangu, ambaye ni dereva wa lori, alikuwa amerudi alfajiri na kulala mchana kutwa. Na binti yangu, aliyekuwa kidato cha tatu, alirudi shuleni akaketi pale pale kwenye cherehani, akanisaidia kupiga pindo za sketi huku mimi nikiwa jikoni.

Sikufikiri mara mbili. Siku mbili kabla ya hapo alikuwa ameniomba fedha za safari ya shule ya kwenda Bagamoyo, nikamjibu kwamba sina. Alinuna. Tena nikakumbuka mambo ya zamani. Alipokuwa na miaka tisa alichukua shilingi 200 zilizokuwa juu ya kabati akanunua ubuyu, kisha akakana kabisa, mpaka ile rangi nyekundu ikamsaliti mdomoni. Wakati ule tulicheka nyumba nzima. Lakini jioni ile kumbukumbu hiyo haikunichekesha. Nilijiambia kwamba udogoni alianza na mia mbili, na sasa amekua.

Huenda msomaji wangu unauliza, kwa nini basi hukumwita ukamwuliza? Nami nimejiuliza hivyo mara nyingi. Kwa kweli niliogopa majibu yote mawili. Akikubali, nitakuwa na mtoto mwizi. Akikana, sitamwamini. Basi nikanyamaza, tena nikajisifu moyoni kwamba nina busara, kwamba ninamsitiri mwanangu. Baba yake sikumwambia, maana nazijua hasira zake. Nilikopa kwa dada yangu, nikazirudisha fedha zote kikobani, nami nikawa nalilipa deni lile kidogo kidogo kutokana na kazi ya mikono yangu.

Lakini ukimya ule haukuwa stara. Nilianza kumpeleleza. Akienda kuoga, napekua begi lake. Nikimtuma dukani, naangalia saa. Akirudi, nahesabu chenji mbele ya macho yake. Droo ya cherehani, ambayo haikuwahi kufungwa tangu niinunue, nilianza kuifunga, na ufunguo nikautia kwenye kamba nikauvaa shingoni. Yeye aliyaona yote hayo. Aliacha kunisaidia pindo. Salamu yake ikawa "shikamoo" ya kutimiza wajibu, na jibu langu "marahaba" ya namna hiyo hiyo.

Mwezi wa nne alianza kuchelewa kurudi, mara saa kumi na mbili jioni, mara saa moja usiku. Nikimwuliza alikuwa wapi, alijibu neno moja tu, "Tuisheni." Nami nilijua vizuri kwamba fedha za tuisheni sikuwa nimempa tangu mwezi wa tatu, kwa sababu deni la dada yangu lilikuwa limenibana. Basi nikaona nimepata ushahidi niliokuwa nikiutafuta. Mtoto ni mwongo.

BABA MPELELEZI

Katika hali hiyo mdogo wangu wa kiume alikuja kututembelea, akatuletea tamthilia moja kwenye flashi. Jina lake la Kikorea lina maana ya msaliti aliye karibu namna hii. Kwa nchi za nje waliiita Doubt, yaani Shaka. Ilionyeshwa Korea Kusini na kituo cha MBC, ambacho ndicho kilichotoa Jumong mwaka 2006. Lakini hii ni fupi. Ilianza mwezi Oktoba 2024, na mwezi Novemba ikawa imekwisha.

Hadithi yake ni hii. Baba mmoja aitwaye Jang Tae-su ni mpelelezi wa polisi. Kazi yake si kukimbizana na wezi barabarani, bali ni kusoma tabia na maneno ya wahalifu, na kueleza kwamba aliyetenda jambo fulani ni mtu wa namna gani. Kazi hiyo haina miaka mingi hata kwao, maana polisi wa Korea Kusini walianza kuwa na mtu rasmi wa kuifanya mwaka 2000. Tae-su ni bingwa wa kazi hiyo. Mtu akichanganya uongo kidogo ndani ya ukweli mwingi, yeye huusikia.

Baba huyu aliachana na mkewe, na mke yule amejiua muda si mrefu kabla ya hadithi kuanza. Sasa amebaki na binti yake wa sekondari, Ha-bin. Wanakaa wawili katika nyumba moja kama wapangaji wasiojuana. Ndipo anapopewa kesi ya mauaji, na kadiri anavyoichunguza, ndivyo alama zinavyogeuka na kuelekea nyumbani kwake mwenyewe. Kuna kitu kidogo chekundu cha kuning'iniza kwenye begi, na baba anajua begi la nani lina kitu kama hicho. Binti naye ana siri zake. Anasema yuko huku, kumbe yuko kule.

Kumbe shaka ya baba huyu si ya jana. Miaka mingi nyuma walikuwa na mtoto wa kiume, Ha-jun, mdogo wake Ha-bin. Mtoto yule alikufa akiwa bado mdogo, na aliyekuwa naye ni dada yake. Baba, kwa ule ujuzi wake wa kusikia uongo, alihisi kwamba kuna jambo ambalo msichana yule mdogo halisemi. Tangu siku hiyo alimtazama binti yake kama anavyowatazama watuhumiwa wake. Na mtoto alijua kwamba anatazamwa hivyo.

Nilipofika hapo nilihisi joto shingoni, mahali pale kamba ya ufunguo ilipolala. Nilijiambia kwamba yale ni mambo makubwa ya mauaji, na ya kwangu ni ya bahasha tu. Lakini ubuyu wa mia mbili ulikuwa umenirudia akilini.

Niseme pia juu ya waigizaji. Baba anaigizwa na Han Suk-kyu, mwigizaji mkongwe, ambaye kwa kazi hiyo alipata tuzo kuu ya tamthilia za MBC ya mwaka 2024. Binti anaigizwa na Chae Won-bin, naye mwezi Mei 2025 alipewa tuzo ya Baeksang ya mwigizaji mpya wa kike. Sikushangaa. Uso wake hausemi kitu. Machoni hamna machozi wala hasira, na mtazamaji huwezi kujua kama unamtazama muuaji au mtoto aliyeumizwa. Hapo ndipo roho inapokaa juu. Dakika tano unamwonea huruma, dakika tano nyingine unamwogopa, wala yeye hajabadili hata ukope.

SAUTI YA BINTI YANGU

Tafsiri ya maneno ilikuwa ya Kiingereza, ikiandikwa chini kwa herufi ndogo na kupita upesi. Macho yangu yamechoka kwa miaka ya kutunga uzi kwenye sindano. Kwa hiyo sikuwa na njia ila binti yangu aketi karibu nami anisomee kwa Kiswahili. Mdogo wangu alikwisha kuondoka, mume wangu alikuwa safarini Tunduma, na mtoto mdogo nilimlaza mapema, kwa maana tamthilia ile ina mauaji na habari za kujiua, wala si ya watoto. Tukabaki wawili, na bakuli la karanga katikati.

Kwa miezi miwili tulikuwa hatujasemezana zaidi ya "chakula tayari". Sasa sauti yake ilikuwa sikioni mwangu saa mbili mfululizo. Alikuwa akibadili sauti, ya baba nzito, ya binti kavu. "Baba anauliza, ulikuwa wapi jana? Binti anasema, shuleni. Baba anasema, haya." Nilimwambia ana kipaji, naye akatabasamu kidogo. Neno moja nililishika mwenyewe bila tafsiri, nalo ni "appa", yaani baba. Ha-bin analitamka mara nyingi, lakini halina uzito wowote kinywani mwake, kama jina la kituo cha basi.

Katika nyumba ile kuna mwanga mdogo. Mara kwa mara unawaona mezani wanakula, baba upande huu, binti upande ule. Chakula kipo, maneno hakuna. Na likitoka neno, ni swali la polisi. Baba anauliza jambo ambalo jibu lake tayari analo, ili aone kama mtoto atadanganya. Mtoto anaijua mitego hiyo, maana amelelewa nayo, basi anadanganya kwa utulivu au ananyamaza. Baba naye anazidi kuamini kwamba kuna ubaya.

Usiku wa tatu tulifika mahali ambapo baba anapekua vitu vya binti yake. Binti yangu akaacha kutafsiri.

"Mbona umenyamaza?" nikamwuliza. "Wanasemaje?"

"Hawasemi kitu, mama. Anapekua tu." Akachukua karanga moja, akaimenya taratibu. Kisha akasema bila kunitazama, "Kama wewe."

Msomaji, nilijifanya sikusikia. Nilisema nakwenda kumwangalia mdogo wake, nikasimama gizani ukumbini, mkono ukutani. Niliporudi alikuwa amezima televisheni na kwenda kulala.

Usingizi haukuja. Nililala nikiwaza jambo moja la ajabu. Siku tatu nilikuwa nimeliamini kila neno alilonisomea. Sikuwahi kumwambia arudie kwa sababu nina mashaka naye. Angeweza kunidanganya alivyotaka, nami nisingejua. Juu ya baba na binti wa Korea, ambao si ndugu zangu wala majirani zangu, nilimwamini kabisa. Lakini juu ya shilingi 150,000 sikumpa hata nafasi ya kusema ndiyo au hapana.

MAMA WA HA-BIN

Kesho yake yeye mwenyewe ndiye aliyewasha televisheni. Hakusema lolote juu ya jana, nami sikusema. Tukaendelea.

Kilichonitikisa zaidi katika siku zile za mwisho si baba, bali ni mama. Tunamwona katika kumbukumbu tu, kwa kuwa ameshafariki. Sitaki kuwaharibia ambao hawajaitazama kwa kueleza kila kitu, wala muuaji sitamtaja. Nitasema hivi tu: mama yule alimpenda sana binti yake, na alikuja kuamini kwamba mtoto ametenda jambo baya. Hakumpigia kelele. Hakumpeleleza kama baba. Alichukua mzigo mzito mno akaubeba peke yake gizani, ili kumlinda. Alifanya kila kitu ambacho mama angefanya, isipokuwa kitu kimoja. Hakumwuliza mtoto ilikuwaje. Na mzigo ule ukamshinda.

Nilipouelewa mkasa wake nililia, na binti yangu alidhani namlilia mama wa kwenye tamthilia. Ukweli nilijililia mwenyewe. Baba yule alinyamaza kwa ukali. Mama alinyamaza kwa huruma. Wote wawili walimwacha mtoto peke yake. Mimi nilikuwa nimefanya yote mawili. Nililipa deni kimya kimya kama mama, na kupekua begi kama baba.

Tena niliona jinsi shaka inavyojilisha yenyewe. Ha-bin alikuwa na sababu ya uongo wake. Alikuwa akiutafuta ukweli juu ya rafiki yake. Lakini kwa kuwa alijua hataaminiwa, hakusema. Na kwa kuwa hakusema, hakuaminiwa. Baba mwenye ujuzi wa kuwasoma watu wote wa nchi yake alishindwa kumsoma mmoja aliyekuwa akila naye meza moja, kwa sababu alikwisha kuandika jibu kabla ya kuuliza swali.

JIONI YA SITA

Katika sehemu ya mwisho baba anakiri mbele ya binti yake kwamba alikosa kumwamini. Ilipokwisha, majina ya watu yakaanza kupanda kwenye kioo. Binti yangu akanyoosha mkono kuizima. Nikamwambia, "Ngoja kwanza. Kaa."

Akakaa.

"Mwanangu, mwezi wa pili zilipotea fedha za kikoba kwenye droo ya cherehani. Laki moja na nusu. Nilidhani ni wewe."

"Najua," akasema.

"Ulijuaje, nami sikumwambia mtu?"

"Ufunguo, mama." Akaonyesha shingo yangu kwa kidevu.

Nilijikaza. Nilimwuliza swali ambalo nilipaswa kumwuliza ile Ijumaa jioni, kwa maneno machache na bila mtego. "Ulizichukua?"

"Hapana, mama."

Kisha akanitazama, akangoja. Hapo nilielewa kwamba zamu ilikuwa yangu. Yeye alikwisha kujibu. Sikuwa na ushahidi wowote mpya. Bahasha haikuwa imeonekana, mwizi hakuwa amekamatwa. Nilichokuwa nacho ni neno la mtoto wangu tu. Niseme kweli, ulimi ulikuwa mzito. Nikamwambia, "Nakuamini." Nililisema kabla moyo wote haujafika pale. Moyo ulikuja nyuma, polepole, kwa siku zilizofuata.

Alilia basi, na si kilio kidogo. Aliniambia juu ya tuisheni. Mwezi wa tatu fedha zilipokoma, hakutaka kuniomba, maana alikwisha kuona kwamba neno "fedha" nyumbani kwetu limekuwa kama kaa la moto. Rafiki yake mmoja alikuwa akiendelea na tuisheni. Basi binti yangu alikuwa akimngojea kwao, na rafiki akirudi wanapitia pamoja kila kitu alichofundishwa siku hiyo, mpaka giza linaingia. Ndiyo tuisheni aliyokuwa akiisema. Haikuwa uongo wote wala ukweli wote.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa huniulizi, mama. Ulikuwa unanichunguza."

Nilinyamaza. Fikirini wenzangu jinsi mambo yalivyofungamana. Nilinyamaza juu ya bahasha, basi nikakopa. Nilikopa, basi nikakosa fedha za tuisheni. Tuisheni ikakoma, basi mtoto akachelewa kurudi. Akachelewa, nami nikahesabu kuchelewa kule kuwa ushahidi wa wizi. Ushahidi wangu wote niliutengeneza kwa mikono yangu mwenyewe, kwenye cherehani yangu mwenyewe.

Mume wangu aliporudi kutoka Tunduma nilimwambia yote. Alikasirika kweli, lakini si kwa mtoto. Alikasirika kwamba nilimficha jambo la nyumba yake kwa miezi minne. Nilimwomba radhi. Halafu alimwita binti yake nje wakakaa chini ya mwembe muda mrefu, wala sikuuliza walichozungumza.

Mwaweza kuuliza, na fedha je? Sijui. Mpaka ninapoandika haya sijui zilikokwenda. Zipo siku, hasa usiku, ile sauti ya zamani hurudi na kuninong'oneza kwamba labda nimedanganywa. Siku hizo huwa nakumbuka kwamba sauti hiyo ilipata miezi minne ya kunithibitishia maneno yake, na haikuleta chochote ila kuiharibu nyumba. Ufunguo nimeuvua. Sasa unakaa palepale kwenye tundu la droo, na droo iko wazi. Fedha za kikoba sizipokei tena kabla ya siku ya mkutano. Hilo ndilo kosa ambalo kwa hakika lilikuwa langu.

KWA WAZAZI WENZANGU

Sisemi kwamba kila mtoto anayeshukiwa hana kosa. Watoto huiba, nao hudanganya, na mzazi asiyeona chochote halei. Lakini nimejifunza mambo ambayo ningependa mama mwenzangu ayapate kwa bei nafuu kuliko niliyolipa mimi.

Kwanza, uliza siku ile ile. Swali la siku ya kwanza ni swali la mama. Swali la mwezi wa nne limekwisha kuwa la askari.

Pili, ukiuliza, usiulize kwa mtego. Kama jibu unalo tayari, sema unalolijua. Mtoto anayetegewa kila siku hujifunza kukwepa mitego, nasi humwita mjanja wakati sisi ndio tuliomfundisha.

Tatu, kesi iliyokwisha iacheni ikwishe. Ubuyu wa mia mbili ulilipwa kwa machozi miaka saba kabla. Sikuwa na haki ya kuudai mara ya pili. Baba yule wa Korea naye alishika jambo la utotoni mwa binti yake, na kila jipya lililotokea alilipima kwa lile la zamani.

Nne, mkikosea, ombeni radhi. Nilidhani nitashuka machoni pa binti yangu. Kinyume chake, Jumamosi iliyofuata alikuja mwenyewe kwenye cherehani, akavuta kigoda, akaanza kupiga pindo za sketi bila kuambiwa.

Na juu ya tamthilia hizi ambazo zimejaa majumbani mwetu: si zote za kuletwa sebuleni, na hii haifai kwa wadogo. Lakini kama vijana wetu wakubwa wanazitazama, tusiwaache wazitazame peke yao chumbani huku sisi tukilalamika jikoni. Tukae nao. Binti yangu alishindwa kuniambia neno moja kwa miezi minne, akaja kuliweza kwa sababu palikuwa na baba mwingine kwenye kioo aliyekuwa akifanya kosa langu.

Sasa ananiomba tuanze nyingine. Nimemjibu kwamba kwanza nimalize sare za watu. Lakini nisiwafiche, nimekwisha kumwambia mdogo wangu kwamba akija tena asisahau flashi.